Kanivali ya blogu: mchezo wa kupeana wasomaji

Swali: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mama wa nyumbani Tanga. Kwa miaka miwili nimekuwa naandika mapishi ya Pwani kwenye blogu yangu. Wanaonisoma ni ndugu, jamaa na majirani, hawazidi thelathini. Sasa wenzangu watano wanaoandika habari za jikoni wamenialika tuanzishe kanivali. Kila mwezi mmoja wetu awe mwenyeji, wengine tumpelekee makala zetu nzuri, naye azitambulishe kwake na kuweka viungo vya kuzifikia. Mume wangu anasema nitakuwa natangaza blogu za watu bure. Je, jambo hili linaleta wasomaji kweli, au ni kupotezeana muda?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nitakujibu kwa kirefu, maana kanivali za namna hiyo nimeshiriki, nimekuwa mwenyeji, na moja imewahi kutufia mikononi.

Wasomaji inaleta, ila ni wachache kuliko unavyotarajia, na hawaji siku unayowatarajia. Ukiingia kwa ajili ya kuhesabu watakaofungua makala yako siku inapotajwa kwa mwenzako, mwezi wa pili utakata tamaa. Faida kubwa iko kwa hao watano wenyewe. Hivi sasa una watu thelathini wanaokusoma kwa sababu wanakupenda. Huna hata mmoja anayekusoma kwa sababu anaifanya kazi unayoifanya, anayeweza kukuambia kwamba hapa umeruka hatua, au kwamba jina hili kwao lina maana nyingine. Watu wa aina hiyo hawapatikani kwa matangazo.

Hoja ya mumeo ninaiheshimu, kwa hiyo niipime kwa kitu mnachokijua wote wawili. Mchezo unaufahamu. Wanawake kumi, kila mmoja anatoa elfu ishirini kwa wiki, mmoja anapokea laki mbili. Hakuna shilingi mpya iliyozaliwa hapo. Fedha ni zilezile, zinazunguka. Lakini laki mbili za mkupuo zinanunua kitu ambacho elfu ishirini ikiwa peke yake haikinunui. Kanivali inafanya hivyo kwa wasomaji. Kila mmoja wenu ana wake wachache waliotawanyika, na mwezi wa zamu yako wote wanaelekezwa kwenye mlango wako.

Tena kuna tofauti ambayo ningependa mumeo aizingatie. Kwenye mchezo, elfu ishirini ukiitoa imekutoka mpaka zamu yako ifike. Msomaji hatoki hivyo. Jirani yako akienda kusoma pweza wa nazi kwa mwenzako wa Mtwara, kesho bado atarudi kwako kusoma vitumbua. Mtu anayependa habari za mapishi hasomi blogu moja tu, kama asivyokula mboga moja mwaka mzima. Tena yule aliyemwonyesha njia anamwamini zaidi, kwa sababu hakumficha kizuri kilichoko kwa mwingine.

Mtindo huu una historia, nayo inafundisha. Kanivali inayotajwa kuwa ya kwanza ilianza Marekani mwaka 2002, ikiitwa Carnival of the Vanities, chini ya mwandishi aliyejiita Bigwig. Wakati ule waandishi wachache waliokwisha kujulikana walikuwa wanatajana wao kwa wao, na mdogo aliyeandika kitu kizuri alibaki gizani. Kanivali ikamfungulia mlango: yeyote alete makala yake anayoiona bora ya wiki, na kila wiki mkusanyo uhamie kwa mwenyeji mwingine. Mara watu wa kila fani wakaanzisha yao. Mwaka 2004 wapenzi wa biolojia walikuwa na Tangled Bank, jina lililotolewa kwenye aya ya mwisho ya kitabu cha Charles Darwin cha mwaka 1859 kuhusu asili ya spishi. Mwaka huohuo madaktari na wauguzi walianza Grand Rounds, iliyotoka kila Jumanne, kwa jina la kile kikao cha hospitalini ambapo madaktari hukusanyika kusikiliza habari za mgonjwa mmoja na kujifunza kwake. Watazama ndege wakawa na yao mwaka 2005, wanahisabati mwaka 2007.

Nyingi zimekufa, lakini chache zinaendelea. Ya wanahisabati, Carnival of Mathematics, imevuka matoleo mia mbili. Mwenyeji huanza kwa kueleza sifa za namba ya toleo lake: inagawanyika kwa nini, ina upekee gani. Jambo dogo, lakini msomaji anajua papo hapo kwamba amepokewa na mtu mwenye moyo na kazi yake. Nyingine ni T-SQL Tuesday, ya mafundi wa hifadhidata, tangu mwaka 2009. Hutoka Jumanne ya pili ya kila mwezi. Mwenyeji anatangaza swali mapema, kila fundi anajibu kwake, kisha mwenyeji anasoma majibu yote na kuyaandikia. Zote mbili zimeshikamana na fani moja, na kwa zote mbili mwenyeji anasikika akizungumza mwenyewe.

Zilizokufa ziliuawa na nini? Injini ya Google, tangu ilipoanza mwaka 1998, ilipima uzito wa ukurasa kwa kuangalia kurasa nyingine zinazouelekezea viungo. Watu wakagundua kwamba kanivali ni mahali rahisi pa kupata kiungo. Wakaanza kuleta makala zisizo na kichwa wala miguu ili tu zitajwe, na wenyeji waliochoka wakazipokea zote. Toleo likawa orodha ndefu kama daftari la mahudhurio. Hakuna aliyesoma, hata mwenyeji mwenyewe. Mwaka 2012 Google walileta mabadiliko waliyoyaita Penguin, yaliyoshusha kurasa zilizojipandisha kwa viungo vya kubebana, na waliokuja kwa ajili ya viungo wakaondoka. Mwaka uliofuata Google Reader, ambayo wengi waliitumia kufuatilia blogu wanazozipenda, ikafungwa. Facebook na Twitter zilikuwa zimekwisha kuchukua mazungumzo. Lakini ninavyoona mimi, kanivali nyingi zilikuwa zimeoza kabla ya hapo, siku mwenyeji alipoacha kuchagua.

Kwetu jambo hili si geni hata kidogo, nami huumia nikisikia likielezwa kana kwamba limeletwa na intaneti. Gazeti la Mambo Leo lilipoanza Dar es Salaam mwaka 1923, lilikuwa na nafasi ya mashairi ya wasomaji. Utamaduni wa ushairi wa magazetini ukakua kutoka hapo: mtu wa Tabora anatega fumbo kwa shairi, wa Lindi analifumbua kwa vina na mizani ileile, wa Pangani anawapinga wote wawili. Shairi lilianza kwa kumwomba mhariri nafasi, likamsalimu mlengwa kwa jina, ndipo likaingia kwenye hoja. Watu wasiowahi kuonana walijuana kwa tungo, na msomaji alinunua gazeti ili aone fulani amejibiwa nini. Malenga asiyejulikana hakupata jina kwa kujisifu pembeni. Alilipata kwa kumjibu anayejulikana, na kumjibu vizuri. Nikiulizwa kanivali ni nini, ndiyo hiyo, isipokuwa kiti cha mhariri kinazunguka.

Hata blogu za Kiswahili zilizaliwa kwa kushikana mikono. Ndesanjo Macha alianza kuandika Jikomboe mwaka 2004, wakati Kiswahili kilikuwa adimu sana mtandaoni. Muhidin Issa Michuzi alifungua yake mwaka 2005 akiwa Helsinki, Ufini, na aliyemwonyesha namna ni huyohuyo Ndesanjo. Kenya nako, mwaka 2004, Daudi Were aliwaunganisha wanablogu wenzake katika mduara mmoja, ili msomaji akimaliza kwa huyu apelekwe kwa yule. Mwendo huo ulipunguzwa sana Tanzania na kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018, zilizodai leseni kwa mwenye blogu, pamoja na ada zilizofika kama shilingi milioni mbili. Wengi walifunga. Kanuni zimerekebishwa tangu hapo, kwa hiyo kabla hamjaanza, mmoja wenu aulize Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, zinavyosema sasa kwa blogu kama zenu. Msiliache hilo.

Sasa nije kwenye zamu ya uenyeji, maana hapo ndipo penye mali. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na sijui kanivali ambayo methali hii haikutimia. Wengi wanadhani faida ni kupeleka makala na kutajwa. Kutajwa ni siku moja. Mwenyeji ndiye anayesoma kila kitu na kumwandikia kila mshiriki, na yeye ndiye anayebaki akikumbukwa kwamba alinisoma kweli.

Nikupe kisa changu. Zamu yangu ya kwanza nilipokea makala kumi na moja, mada ikiwa kazi za baharini. Nilizisoma jioni tatu mfululizo. Mmoja, mwalimu wa shule huko Pemba, alikuwa ameandika juu ya dema, na mimi katika kumtambulisha nikasema ameeleza uvuvi wa uzio. Siku mbili wageni walimiminika. Siku ya tano palikuwa kimya kama kabla. Lakini yule mwalimu alikuwa ameniandikia barua ndefu, kwa adabu zote, akinieleza kwamba dema ni mtego wa kusuka unaozamishwa chini baharini, na uzio ni ua wa fito unaojengwa ufukweni, maji yakijaa samaki wanaingia, yakitoka wanabaki. Nilirekebisha siku hiyohiyo na kumtaja kuwa ndiye aliyenisahihisha. Tangu hapo tunaandikiana. Kila ninachoandika juu ya bahari kinapita kwake kwanza, naye ananiletea wanafunzi wake wenye maswali ya lugha. Wageni wa siku mbili siwakumbuki. Yeye amekula nyumbani kwangu.

Kwa hiyo zamu yako ikifika, soma kila makala mara mbili. Kisha iandikie sentensi tatu au nne zinazoonyesha kwamba umeisoma: taja kitu kimoja kilichomo ambacho hakikisiwi kwa kuangalia kichwa cha habari. “Makala nzuri ya dada yetu kuhusu samaki” haimsogezi mtu yeyote. Ukiandika kwamba dada huyu anamkausha papa siku ngapi, na kwamba mama mkwe wake alimkataza kumwosha kwa maji baridi, msomaji lazima afungue ajue kwa nini. Zipange zizungumze. Mbili zinazopingana ziweke jirani na useme zinapingana wapi. Na usiogope kutaja unapotofautiana na mwenzako, mradi ufanye kwa heshima. Watu wazima wakibishana juu ya kitu wanachokijua, wasomaji husogea karibu.

Kosa moja limezoeleka sana kwetu, na nakuomba usilifanye: kunakili makala nzima ya mwenzako na kuibandika kwako, hata kama umeandika jina lake chini. Ukifanya hivyo msomaji hana haja ya kwenda kwake, na kanivali imekuwa wizi wenye tabasamu. Weka utambulisho wako na mistari yake miwili, kisha kiungo. Picha usichukue bila kumwomba. Mumeo aliogopa wewe kunyonywa, na mahali kunyonyana kunapoweza kutokea kweli ni hapa, kwa hiyo kubalianeni kabla hamjaanza.

Kuhusu mada, msiache kila mmoja alete chochote. Mwenyeji atege fumbo, kama malenga wa zamani, na alitege dogo. “Mapishi ya asili” ni bahari, kila mtu atazama. Chukueni kitu kimoja, kwa mfano kisamvu. Wewe wa Tanga utaeleza majani yanavyotwangwa kwenye kinu na kuungwa kwa tui. Ukimpata mwandishi wa Bukavu, kwake hiyo ni sombe, na ataiweka mawese. Wa Kigali ataiita isombe. Huko Muscat kuna kinamama wenye asili ya Unguja ambao bado wanazungumza Kiswahili jikoni. Mmoja wao anaweza kuandika anavyokumbuka kisamvu cha mama yake. Kila mmoja atalazimika kueleza kwa nini majani mabichi ya muhogo hayaliwi hivihivi, kwamba yana sumu inayoondoka kwa kutwangwa na kuchemshwa sana, na kila mmoja ataeleza kwa namna ya kwao. Msomaji aliyeingia kwa ajili ya sombe ya Bukavu atakutana na Tanga yako, na hakuwa hata na habari kwamba upo. Msomaji wa namna hiyo ndiye anayebaki, kwa sababu amekuja akiwa na njaa ya kitu hichohicho.

Mkiishika mada ndogo hivyo, mtaona pia kwamba lugha inawafanyia kazi. Anayetafuta mtandaoni neno sombe na anayetafuta kisamvu ni watu wawili, na toleo lenye maneno yote mawili, yaliyoandikwa na watu wanaoyatumia kila siku, linawafikia wote. Hili halihitaji ujanja wowote wa kiufundi.

Ile kanivali iliyotufia ilikuwa na watu wazuri. Mwenyeji wa mwezi wa nne alipata msiba na hakuweza kuandika, jambo ambalo lingempata yeyote. Hatukuwa na mtu wa kuchukua nafasi yake. Kila mmoja alidhani mwingine ataanza, mwezi ukapita, wa pili ukapita, na baadaye tukaona haya hata kulitaja. Mchezo wenu wa fedha hauwezi kufa hivyo kwa sababu una kijumbe. Basi nanyi mchague kijumbe: mmoja asiyechoka kukumbusha, anayetunza orodha ya zamu, na mwenye ukurasa mmoja unaoorodhesha matoleo yote tangu la kwanza. Kila zamu iwe na mwenyeji wa akiba. Mwisho wa kupokea makala uwe tarehe moja isiyobadilika. Makala moja kwa mtu mmoja, na mwenyeji awe na ruhusa ya kumrudishia mtu makala isiyofaa, kwa maneno mazuri na kwa faragha. Bila ruhusa hiyo mtafika kwenye lile daftari la mahudhurio. Idadi yenu ya sita inatosha kuanzia. Mkifika kumi na mbili kila mmoja atakuwa mwenyeji mara moja kwa mwaka, na zaidi ya hapo sipendekezi.

Mtapangia mambo yenu kwenye kundi la WhatsApp, hilo halikwepeki, na ni sawa. Lakini toleo lenyewe likae kwenye blogu. Kilichoandikwa ndani ya kundi kesho kimefunikwa na salamu za asubuhi, wala mtu wa nje hawezi kukikuta. Toleo lililo kwenye ukurasa wake litakutwa na msichana wa Kigoma miaka mitatu ijayo, akitafuta namna ya kupika kitu ambacho bibi yake hakuwahi kumwandikia.

Na huyo anayetoweka baada ya kula zamu yake? Yupo kila mahali. Anakuwa mwenyeji, anapokea wageni wenu wote, halafu mwezi unaofuata haleti makala wala hawatangazi wengine. Kwenye fedha mngemfuata nyumbani kwake. Hapa mwacheni aende kimya kimya, msimseme hadharani, ila zamu ya pili asipewe. Wakati mwingine ni mtu aliyelemewa tu na maisha, atarudi, na atakuta hamkumvunjia heshima.

Mimi ningekuwa wewe ningekubali, na ningeomba zamu ya tatu. Ya kwanza ina tabu, kwa sababu wasomaji bado hawajui kinachofanyika. Mpeni kijumbe. Kwa miezi miwili ya mwanzo wewe peleka makala zako mbili nzuri kuliko zote, nenda kwenye blogu ya kila mmoja wa hao watano, soma nyuma mpaka uchoke, na uache maoni yenye swali la kweli, swali ambalo jibu lake unalihitaji jikoni kwako. Zamu yako ikifika hutakuwa unawatambulisha wageni. Utakuwa unawajua mmoja mmoja, nani anapika na kuni na nani anapika na gesi.

Mwambie mumeo nimemsalimu, na kwamba akitaka kuhesabu, asihesabu wageni wa mwezi wa kwanza. Ahesabu barua utakazokuwa umezipata ifikapo zamu yako ya pili. Na hicho kisamvu, kama wenzako watakubali kiwe fumbo la kwanza, uniandikie unavyokitwanga wewe. Kwetu tulikuwa tunatia bilinganya changa kinuni pamoja na majani, na sijamwona mtu mwingine akiliandika hilo.